Sahani Hairudi Tupu



Wapenzi wasomaji, wiki hii tulikusudia kuyaendeleza mazungumzo yetu kuhusu mahari. Tumeyaahirisha hadi wiki ijayo, inshallah, kwa sababu ya swali lililotufikia kutoka mbali na ambalo limetukosesha usingizi.

Mpwa wetu anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Binti yake wa miaka tisa alipewa kazi na mwalimu wake: aandike jambo moja ambalo watu wa ukoo wake wanalishukuru. Huko, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba ni Siku ya Shukrani. Rais Abraham Lincoln aliitangazia nchi nzima siku hiyo mwaka 1863, na Bunge lao likaiweka tarehe yake katika sheria mwaka 1941. Jamaa waliotawanyika hurudi nyumbani, bata mzinga huokwa, na kila mmoja mezani hutaja anachokishukuru. Mtoto akamuuliza mamake, na mamake akatuuliza sisi: "Mama mdogo, nyinyi mlipokuwa wadogo kule Nairobi, mlikuwa na siku ya kushukuru?"

Tulianza kumjibu kwamba Mwislamu hana haja ya kungoja mwezi wa Novemba, kwani kila rakaa anayoswali huifungua kwa kumhimidi Mola wake. Jibu hilo ni sahihi, wala hatuligeuzi. Hata hivyo tulilifuta kabla ya kulituma. Mtoto hakuuliza hukumu, aliuliza kisa. Na kisa tunacho. Tumekaa nacho miaka mingi bila kukisimulia, kwa kuwa mwanzo wake unatufurahisha na mwisho wake unatutahayarisha.

Sisi asili yetu ni Mombasa, watu wa Kibokoni, lakini utoto wetu ulikuwa Jericho, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Baba alikuwa karani katika mojawapo ya mashirika yaliyomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, na kazi ndiyo iliyompeleka bara. Wasomaji waliokulia pwani watacheka wakisikia kwamba mtaa wa jirani uliitwa Jerusalem, hata mtu akitumwa chumvi aliweza kutoka Jericho akaenda Jerusalem na kurudi kabla chungu hakijachemka. Mitaa mingine ya hapo ilibeba jina la Ofafa, kwa kumkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Nyumba zilikuwa za baraza la jiji, zimejengwa kwa safu, mlango ukitazamana na mlango. Yetu ilikuwa na vyumba viwili na jiko dogo, nasi tulikuwa watoto watano.

Katika safu yetu tulikuwa Waislamu peke yetu. Majirani walikuwa Waluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu. Jumapili asubuhi safu nzima ilikwenda kanisani ikabaki kimya, tukasikika sisi tu tukidurusu Juzuu Amma. Jumamosi ilikuwa zamu yetu kutoka: tulishika Barabara ya Jogoo kwa miguu, tukaipita Burma kwenye soko la nyama, hadi chuoni Pumwani, mwendo ambao kwa miguu ya watoto ulikuwa safari kamili. Alasiri wavulana wetu walikuwa uwanjani Camp Toyoyo pamoja na wavulana wa majirani, wakicheza mpira wa matambara hadi jua lizame.

Mama alikuja Jericho na desturi zake zote za Kibokoni, wala hakuiacha hata moja njiani. Kubwa katika hizo ilikuwa ya sahani. Siku ya Idi, kabla sisi hatujaonja tonge, mama alipanga sahani nane juu ya jamvi, akazipakulia pilau, akaweka kachumbari pembeni, akazifunika kwa kawa, nasi tukatumwa moja moja kwa kila mlango wa safu. Zilikuwa sahani nyeupe za bati zenye ukingo wa buluu, alizopewa na mamake siku ya harusi. Na majirani, ambao hakuna aliyewafundisha, walijifunza upesi kwamba kwa watu wa pwani sahani hairudi tupu. Krismasi zilirudi na chapati, na ndizi, na vipande vya keki. Mara moja sahani ilirudi na mayai sita yamelaliwa na manyoya machache ya kuku, ishara kwamba yametoka kiotani asubuhi ile ile.

Sasa tufike mwaka 1977.

Wasomaji wenye umri wetu wanaukumbuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikivunjika. Mwezi wa Februari Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na kufikia katikati ya mwaka Jumuiya yenyewe ikawa haipo tena. Katika vitabu vya historia hayo ni mambo ya marais na mawaziri. Kwetu yalikuwa mambo ya unga na sukari. Baba alikuwa amepelekwa Dar es Salaam mwaka uliotangulia, na mpaka ulipofungwa yeye alikuwa ng'ambo yake, akingoja karatasi zake zikamilike. Barua zikakawia. Fedha zikakawia zaidi ya barua. Mama akaanza kushona mashati kwa cherehani ya mkono, akauza visheti na kaimati, na hatukujua wakati ule kwamba bangili zake mbili za dhahabu, ambazo alituambia amezihifadhi kwa bibi Mombasa, zilikuwa zimekwisha kuwa karo na kodi ya nyumba.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwezi wa Agosti. Tulifuturu kwa uji na muhogo, nasi tuliona ni futari njema, kwa sababu mama aliutia uji iliki na kuumimina kwa namna ya mtu anayemkaribisha mgeni. Dada yetu mkubwa, ambaye leo ndiye bibi wa mtoto yule wa Columbus, alikuwa na miaka kumi na minne. Alichukua gauni lake la Idi iliyopita, akalifumua mshono kwa mshono, akatukatia sisi wadogo wawili magauni mawili. Tulipomuuliza yeye atavaa nini, alisema amechoka na rangi ile. Tulimwamini. Mtoto huamini lile linalomfaa.

Siku mbili kabla ya Idi tulimkuta mama ameketi jikoni na sahani zake nane mapajani. Alikuwa akizipangusa, na zilikuwa safi. Akatuambia, "Wanangu, mwaka huu tutakula mkate na chai, na tutamshukuru Mungu. Njaa ya siku moja haimwui mtu. Lakini sahani hizi hazijakaa ndani hata Idi moja tangu niolewe." Hapo sauti ikamkatika. Ndipo tulipofahamu kwamba kilichomuuma hakikuwa kukosa cha kula, bali kukosa cha kutoa.

Usiku wa mwandamo tulikaa mbele ya redio kuisikiliza Sauti ya Kenya. Kadhi Mkuu zama hizo alikuwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Mungu amrehemu, yeye aliyetufasiria Qur'ani kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya mwaka 1969 ilikuwa juu ya rafu ya baba, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Tangazo likatoka: mwezi umeonekana. Watoto tulipiga takbira. Mama naye alipiga, lakini aligeukia ukutani.

Mlango ukabishwa. Alikuwa ni jirani wa mlango wa pili, mama wa Kiluo, mjane mwenye watoto wanne, aliyekuwa akiuza samaki wakavu sokoni. Mkono mmoja alishika majogoo wawili wamefungwa miguu, na mkono wa pili kiondo. Nyuma yake walisimama wanawake wawili wengine wa safu yetu, mmoja na chupa ya mafuta, mmoja na vitunguu na viazi ndani ya leso. Yeye hakusema "nimesikia mna shida." Hakusema "maskini watoto." Alisema hivi, kwa Kiswahili chake cha Nairobi: "Mama, Krismasi iliyopita nilikaa na sahani yako mpaka nikasahau kuirudisha. Na nyinyi mlisema sahani hairudi tupu. Nimeileta."

Ndani ya kiondo, juu ya mchele, ilikuwako sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu. Na ilikuwa ya tisa. Mama alikuwa nazo zake nane kamili jikoni. Sisi sote tulizihesabu juzi yake. Mama yule alikuwa amekwenda akanunua sahani inayofanana na zetu, ili apate kisingizio cha kuirudisha.

Mama aliitazama sahani ile kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ahsante kwa kuikumbuka, ndugu yangu," akapokea. Wawili wale walielewana, na hakuna aliyemvua mwenzake nguo.

Tulipokua ndipo tulipotambua jambo la pili. Majogoo wale waliletwa wakiwa hai. Mama yule angeweza kuwachinja, kuwanyonyoa na kuleta kitoweo tayari, na ingekuwa rahisi zaidi kwake. Lakini alijua kwamba hatungekula, na hakutaka kutuweka kati ya dini yetu na njaa yetu. Alfajiri dada alikwenda kumwita mzee mmoja Mwislamu wa Jerusalem, naye akaja akachinja kwa jina la Mwenyezi Mungu. Kufikia saa nne pilau ilikuwa imepikwa. Sahani zikapangwa juu ya jamvi, nane kwa ajili ya safu kama desturi, zikafunikwa kawa, zikatoka. Zilikwenda kwa wale wale walioleta mchele, mafuta na vitunguu, nao wakazipokea kwa furaha na mshangao, kama watu ambao hawakujua kitu kuhusu mchele ule. Sisi tulikula katika ya tisa, watoto watano na mama, sahani moja. Hatujapata kula pilau tamu kuliko ile.

Baba alirudi mwezi wa Novemba, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, amekonda, na mkoba mmoja. Tulimrukia wote watano kwa pamoja. Alipata kazi nyingine ya mshahara mdogo, na miaka minne baadaye tukahamia Mombasa. Tulihama kwa haraka, usiku, kwa gari la mizigo la rafiki wa baba ambalo lilikuwa likirudi pwani tupu. Mama yule hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwao kwenye matanga. Tukasema tutamwandikia.

Hapa ndipo kisa kinapotutahayarisha, wasomaji wetu. Hatukumwandikia. Mwaka wa kwanza tulikuwa tukitafuta shule. Mwaka wa pili baba aliugua. Kisha tukaolewa, tukazaa, tukalea. Kila Idi mama alisema, "Mtafuteni mama wa Jericho," nasi tukajibu inshallah, na inshallah yetu haikuwa ile ya mtu aliyeazimia. Ilikuwa ile ya mtu anayetaka kunyamazishwa. Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, miaka kumi na miwili iliyopita, alituusia mambo matatu. Mawili yalihusu deni na mirathi, tukayatekeleza katika siku arubaini. La tatu lilikuwa sahani ya tisa. Alisema, "Hii si yangu. Irudisheni, na msiirudishe tupu." Tukaifunga kwa kitambaa, tukaiweka kabatini.

Swali la mtoto wa Columbus ndilo lililotutoa kabatini. Mwezi uliopita tulipanda treni hadi Nairobi, sisi na dada yetu mkubwa, na sahani ndani ya kikapu pamoja na halwa, tende na leso mbili. Jericho imebadilika. Mbele ya nyumba nyingi yamechomoza mabanda ya mabati na maduka, na mazungumzo ya mtaani ni ya mipango ya kuzibomoa nyumba zile za zamani na kujenga ghorofa mahali pake. Safu yetu bado imesimama. Tulibisha mlango wa pili.

Alifungua mwanamke wa umri wetu. Alikuwa ni binti wa mama yule, aliyesoma darasa moja na mmoja wetu. Hatukuhitaji kujitambulisha, aliitazama sahani. Mamake alifariki miaka minne iliyopita, akazikwa kwao Siaya. Tulikaa chini. Mtu anaweza kufanya hesabu: tangu mama yetu atuusie hadi mama yake alipofariki ni miaka minane. Miaka minane sahani ilikuwa kabatini, na treni zilikuwa zikienda na kurudi.

Binti yule hakutulaumu. Alitueleza tu yaliyokuwa. Alisema kila aliposikia takbira za Idi redioni, mamake aliwakumbuka watoto wa Kiislamu, akauliza kama wameandika. Miaka ya mwisho alidhani huenda alitukosea kwa jambo fulani, ndiyo maana tulihama bila ya kuaga. Kisha dada yetu akamuuliza kuhusu majogoo. Akacheka, akasema, "Wale? Wale walikuwa sare yangu ya shule. Muhula wa tatu nilikwenda na sare ya zamani, imefika magotini." Alilisema kama mtu anayekumbuka mchezo wa utotoni. Dada yetu, aliyefumua gauni lake mwaka ule ule, alimshika mkono, na kwa muda hakuna aliyesema neno. Mabinti wawili, mlango kwa mlango, kila mmoja alivaa nguo ya zamani ili sisi wadogo tuwe na Idi, na hakuna aliyejua habari ya mwenzake kwa zaidi ya miaka arubaini.

Wasomaji wapenzi, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu. Tumeisikia hadithi hiyo mara nyingi misikitini na madarasani, na tuliidhani inahusu adabu ya kusema ahsante. Tumeifahamu sasa kwa namna nyingine. Riziki hushuka kutoka kwa Mola, lakini hupitia mikono ya watu, na mwenye kuisahau mikono ile hudai kwamba anamkumbuka Mpaji ilhali amesahau njia aliyopewa. Na katika Surat Luqman Mwenyezi Mungu ameamrisha ashukuriwe Yeye na washukuriwe wazazi katika aya moja. Mama yetu alitubeba. Na mama yule wa mlango wa pili, usiku mmoja, alimbeba mama yetu.

Je, tulipochelewa, mlango umefungwa? Wanavyuoni wanatukumbusha mafundisho ya Mtume kwamba katika wema mkubwa kabisa ni mtu kuwaunga wale waliopendwa na mzazi wake baada ya mzazi kuondoka. Sisi hatukuweza kumshukuru mama yule, na hilo tutakwenda nalo. Lakini binti yake yu hai, naye ana watoto na wajukuu. Tulimwachia sahani, na namba zetu za simu, na ahadi ya kuonana Desemba. Tulipokuwa tukiaga alitusimamisha mlangoni, akaingia ndani, akatoka na sahani nyingine, ya plastiki, imejaa njugu za kukaanga. Akasema, "Hii mtairudisha." Tumekwisha kukata tikiti.

Tunawaomba jambo moja dogo wiki hii, hasa kina mama, kwani nyumba huishika desturi aliyoishika mama. Jioni moja baada ya swala ya Isha, kabla simu hazijatoka mifukoni, waketisheni watoto kwenye mkeka na kila mmoja amtaje mtu mmoja aliyemfaa: shangazi aliyemlipia karo, kaka aliyemwachia kitanda, jirani wa dini yoyote aliyemkimbiza hospitali. Kisha msiishie kutaja. Aliye hai apigiwe simu usiku ule ule. Aliyefariki aombewe ikiwa ni katika Waislamu, na wanawe watafutwe na watendewe wema, wawe wa dini gani. Na kama ndani ya kabati kuna sahani ya mtu, itoeni leo.

Kwa mjukuu wetu wa Columbus: andika kwamba watu wa ukoo wako wanashukuru sahani tisa, na kwamba ya tisa ilikuwa ya jirani. Andika pia kwamba bibi yako alifumua gauni lake. Yeye mwenyewe hatakwambia.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kukushukuru Wewe na kuwashukuru wale uliowafanya sababu ya riziki zetu. Warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tungali wadogo, na utusamehe kuchelewa kwetu. Amin.

Hadi wiki ijayo, inshallah, tutakaporudi kwenye mahari. Wabillahi tawfiq.